Tumbo la Mtoto Halitaki Kukandwa, Linataka Kupigwa Picha



Leo hatukuja na mishono. Mnaongoja picha za magauni ya harusi za Mfungo Mosi, stahamilini kidogo, zinakuja inshallah. Leo tuna neno limetukaa rohoni muda mrefu, na tutalisema hata kama wengine mtatununia, wakiwemo wateja wetu na wakubwa zetu tunaowaheshimu.

Neno lenyewe ni fupi. Mtoto akiota uvimbe tumboni, au tumbo likikua huku mwili unakonda, asikandwe. Asichuliwe mafuta. Asizungushwe nyumba hadi nyumba kutafutwa nani kamtupia jicho. Apelekwe hospitali, na hilo tumbo lipigwe picha ya ultrasaundi. Picha iwe mwanzo, isingoje mpaka kila kitu kishindikane.

Mtauliza, mafundi cherehani wanajua nini habari ya matumbo? Ni haki yenu kuuliza. Sisi tumeishia skuli ya sekondari na kozi ya ushoni, udaktari hatukusoma. Lakini tunashika viuno vya watu kila siku, na haya tumejifunza kwa njia ambayo hatumwombei mtu.

Mshono tulioufumua

Mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, mteja wetu mmoja alileta kitambaa cha Idi, sare yeye na binti yake wa miaka mitatu. Tukampima mtoto. Kiuno inchi 20. Tukaandika kwenye daftari kama kawaida. Kumi la mwisho la Ramadhani wakaja kujaribisha. Gauni la mama lilimkaa vizuri. La mtoto zipu haikupanda. Tukampima tena, inchi 23. Na mikono ya gauni, ambayo tuliikata sawasawa na mikono yake, ilikuwa inampwaya.

Sasa sikilizeni tulichokifanya. Tulicheka. Tukasema mashallah, huyu futari za bibi zimemkubali. Mmoja wetu akasema pengine minyoo hiyo, mpe dawa. Kisha tukachukua wembe, tukaufumua mshono wa ubavuni, tukaongeza kitambaa, mtoto akavaa Idi yake. Mikono yetu wenyewe ndiyo iliyoupanulia ugonjwa nafasi.

Baada ya Idi mama alimpa dawa ya minyoo. Tumbo halikupungua. Bibi akasema ni bandama. Akaitwa mkandaji, akamkanda siku saba kwa mafuta ya moto. Likaja neno la safura, likaja neno la jicho, likaandikwa kombe. Wakaenda kituo kimoja cha afya, wakapewa dawa ya minyoo mara ya pili, na mtoto hakuvuliwa hata fulana. Mfungo Tatu mtoto akaanza kukojoa damu. Hapo ndipo alipofikishwa hospitali, na hapo ndipo lile tumbo lilipopigwa picha kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uvimbe wa figo, na ulikwisha kufika mapafuni. Wakavuka naye kwa boti mpaka Dar es Salaam, akaanzishiwa dawa. Alizikwa kabla ya Ramadhani nyengine kuingia. Innalillahi wainnailayhi rajiun.

Matangani tulisikia watu wakisema, basi jamani, ndizo siku zake. Naam, siku ni za Mwenyezi Mungu na hakuna anayebisha. Lakini ile miezi iliyopita kati ya inchi 20 na mkojo wa damu ilikuwa mikononi mwetu. Hiyo tutaulizwa tuliifanyia nini. Tuliifanyia mkandaji.

Ni uvimbe gani huo

Tuseme kwanza ili tusitiane hofu bure. Matumbo mengi ya watoto si saratani. Mtoto mdogo anayejifunza kutembea huwa na kitumbo, hiyo ni kawaida yake. Wapo wenye minyoo kweli. Wapo ambao bandama imevimba kwa malaria. Wapo waliojaa choo. Tatizo ni kwamba mkono wa bibi, mkono wa mkandaji na mkono wa fundi cherehani hautofautishi hayo na lile jengine.

Lile jengine lina majina. La kwanza ni uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, iliyopewa jina la daktari Max Wilms wa Ujerumani aliyeandika habari zake mwaka 1899. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano au sita. Na sikilizeni hili mama zetu: mara nyingi wanaougundua si madaktari. Ni mama anayemwogesha mtoto, au anayemvisha nguo na kuona haiingii. Mtoto mwenyewe anaweza kuwa anacheza, anakula, haumwi popote. Ndiyo maana tunadanganyika.

La pili ni saratani inayoitwa nyuroblastoma, ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Hii huwapata hata watoto wachanga. Pengine hukimbilia kwenye mifupa, mtoto akakataa kutembea, au akawa na weusi kuzunguka macho kama aliyepigwa, na watu wakaanza kumtazama mtumishi wa nyumbani kwa jicho baya.

La tatu ni limfoma ya Burkitt, na hii ni ya kwetu hasa, Afrika hii yenye malaria. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliiandikia mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Baadaye ikajulikana kuwa wengi huwapata tumboni. Hii hukua kwa kasi ya kutisha, kwa siku na si kwa miezi. Lakini hiyo hiyo husikia dawa vizuri ikiwahiwa. Upo na uvimbe wa ini, unaowapata zaidi walio chini ya miaka mitatu.

Kwa mkono, hayo yote ni kitu kimoja: tumbo gumu. Kwa matibabu, kila moja lina njia yake. Limfoma ya Burkitt tiba yake kubwa ni dawa, si kisu. Uvimbe wa Wilms hutaka dawa na operesheni. Sasa mtu anayelikanda tumbo bila kujua kilichomo ndani anatibu nini?

Kwa nini tunasema kukanda ni hatari

Hapa ndipo tutakapogombana na wakubwa zetu, watusamehe. Sisi wenyewe tumelelewa kwa kukandwa. Bi harusi anakandwa, mzazi anakandwa, na mwili ukapata raha. Hatuukatai mkono wa mkandaji palipo na mahali pake.

Lakini uvimbe wa Wilms ni kama kifuko kilichotuna, umefunikwa na ngozi nyembamba. Ukibonyezwa kwa nguvu unaweza kupasuka. Ukipasuka, chembe za saratani humwagika tumboni, na ugonjwa uliokuwa mahali pamoja unapanda daraja, mtoto akahitaji matibabu makali zaidi. Ndiyo maana hata hospitali, mtoto akishajulikana ana uvimbe huo, wauguzi hufundishwa kuzuia watu wasimbonyezebonyeze, na wodi nyengine huweka kibao kitandani kwake. Madaktari waliosoma miaka yote ile wanaogopa kulibonyeza tumbo hilo. Sisi tunalipaka mafuta ya moto na kulisukuma kwa magoti ya mikono.

Picha inaonyesha nini

Ultrasaundi mnaijua. Hakuna mwanamke hapa aliyeshika mimba miaka hii asiyelala kwenye kile kitanda akapakwa ile jeli ya baridi. Mashine hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mwanaadamu haliyasikii, sauti ikagonga viungo vya ndani na kurudi, na mashine ikageuza ule mwangwi kuwa picha. Haina mionzi. Haiumi. Haina sindano. Mtoto anaweza kupimwa akiwa amepakatwa na mama yake.

Na mnajua mashine hii ilianzaje? Mwaka huohuo 1958, Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow kule Uskochi, yeye na wenzake, walitoa makala katika jarida la Lancet. Kichwa cha makala yale kilikuwa juu ya kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa sauti. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyekwisha kukatiwa tamaa, ikidhaniwa ana saratani isiyo na dawa. Picha ikaonyesha ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari. Wakautoa, akapona. Kwa hiyo tangu siku zake za mwanzo mashine hii ilitumika kujua tumbo lina nini. Sisi leo tumeifanya ya kumwonea haya mtoto aliyemo mimbani, na mtoto aliyekwisha kuzaliwa tukamsahau.

Kwenye tumbo la mtoto, picha hii hujibu maswali ambayo mkono hauwezi. Kuna uvimbe au hakuna? Ni nyama au ni maji? Umetoka kwenye figo, ini, bandama au kwenyewe? Figo la upande wa pili ni zima? Uvimbe umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye moyo? Uvimbe wa Wilms hukua kutoka ndani ya figo lenyewe. Nyuroblastoma aghlabu hulisukuma figo pembeni na kuizunguka mishipa ya damu. Mtaalamu akiona hivyo anajua aelekee wapi.

Ikionekana kitu, ndipo zinapokuja picha nyengine. Siti skani hupiga tumbo vipande vipande kama mkate, na kifua pia, kwa sababu uvimbe wa Wilms hupenda kukimbilia mapafuni. Hiyo ina mionzi, ndiyo, na daktari mwenye akili hampigi mtoto bila sababu wala hairudiirudii. Ipo na emarai, inayotumia sumaku na haina mionzi, lakini inachukua muda mrefu na mtoto mdogo mara nyingi hulazwa usingizi ili atulie. Picha peke yake haimalizi kila kitu. Kuna vipimo vya damu na mkojo, na mara nyengine hukatwa kipande kidogo kikapimwe. Lakini kila kitu kinaanzia kwenye ile picha ya kwanza. Na ile picha ya kwanza ndiyo tunayoichelewesha.

Majibu kwa wanaotubishia

Mmoja alituambia, “Nyinyi mnawatoa watu kwenye Qur'ani mnawapeleka kwenye mashine.” A'udhubillah. Nani kasema mtoto asisomewe? Msomee nyumbani, msomee kwenye daladala, msomee akiwa amelala kwenye kile kitanda na jeli tumboni. Hatuna ugomvi na kombe, tuna ugomvi na wiki tatu za kungoja kombe lifanye kazi huku uvimbe unakua. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na ametufundisha kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Dua na picha havijapata kugombana. Wanaogombana ni watu.

Mwengine alisema, “Ukimpeleka hospitali watamfungua, na ugonjwa wa ndani ukiona hewa unasambaa.” Maneno haya yameua watoto wengi zaidi kuliko tunavyotaka kukubali. Hewa haisambazi saratani. Kinachosambaza ni muda. Aliyefunguliwa akakutwa imeenea, ilikuwa imekwisha kuenea kabla ya kisu.

Mwengine, “Watamtoa figo.” Ndiyo, pengine watalitoa moja. Mwenyezi Mungu ametupa mawili, na mtu mwenye figo moja zima anaishi, anasoma, anaolewa, anazaa. Nchi za wenzetu waliojipanga, watoto tisa katika kumi wenye uvimbe wa Wilms wanapona. Ugonjwa ni uleule na dawa nyingi ni zilezile za miaka mingi. Tofauti kubwa ni kuwa kwao mtoto hufika mapema na humaliza matibabu. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, likiweka lengo kuwa ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wapone duniani kote. Uvimbe wa Wilms na limfoma ya Burkitt zimo katika saratani sita walizozitanguliza, kwa sababu hizi zinatibika. Hatuzungumzii ndoto.

Mwengine, “Baba yake yuko Maskati, tunangoja ruhusa.” Shoga, ruhusa ya kumpeleka kwa mkandaji ulimwomba nani? Hukuomba. Ulijifunga buibui ukatoka. Jifunge hilo hilo buibui uende hospitali, na njiani mpigie simu.

Pesa tunazo, tunaziweka wapi?

Lipo jibu moja hatulichezei, nalo ni “sina pesa.” Wapo wasio nazo kweli, na aibu hiyo ni yetu sote, si yao. Lakini tusemezane ukweli, maana sisi ndio tunaoshika pesa zenu. Ultrasaundi ya tumbo haifikii ujira wetu wa kushona gauni moja la bi harusi, kitambaa hatujakihesabu. Tunawashonea sare za watu arubaini. Ukumbi unapambwa maua yanayotupwa asubuhi. Anatafutwa mpiga picha wa kuja na kamera mbili na ile inayoruka, tupigwe tukishuka kwenye gari. Hatusemi msifurahi, harusi ni sunna na sisi tunakula kwa harusi zenu. Tunasema kwamba ukoo unaochanga kwa wiki moja kulipia picha za ukumbini hauwezi kutuambia kwamba picha ya tumbo la mtoto imewashinda.

Na kuna jambo linatuuma zaidi. Mtoto akishafikia kubaya, picha yake akiwa na dripu inazungushwa kwenye simu, na hapo tunachanga mamilioni ndani ya siku mbili. Ile huruma ingekuja miezi miwili nyuma, ikiwa ndogo tu, ya nauli na ultrasaundi moja, ingefanya kazi kubwa zaidi. Vikundi vyetu vya kupeana vina fungu la harusi na fungu la msiba. Wekeni na fungu la picha ya mtoto. Sisi dukani tumekwisha kuliweka: katika kila gauni la harusi kuna fungu linaingia kwenye kopo.

Mjue pia kwamba mlango wa tiba haukufungwa kwa maskini. Muhimbili kuna wodi ya saratani ya watoto, na taasisi ya Tumaini la Maisha inashirikiana na hospitali pale ili watoto watibiwe bila familia kutozwa. Kinachowashinda wengi ni kufika, na kukaa mpaka matibabu yaishe. Hapo ndipo ukoo unapotakiwa.

Na nyinyi mliovaa makoti meupe

Tumewasema mama na bibi, tusipowasema nyinyi tutakuwa tumedhulumu. Mtoto analetwa na tumbo, mnamtazama mama usoni, mnaandika dawa ya minyoo. Anarudi, mnaandika tena. Mnaandika bila kumvua fulana. Mtoto aliyepewa dawa ya minyoo na tumbo halikushuka, hataki dawa ya minyoo ya pili, anataka picha. Na mtoto mwenye uvimbe unaoonekana kwa macho asiambiwe “njoo wiki ijayo, leo mashine ni ya wajawazito.” Mjamzito anayetaka kujua mwanawe wa kike au wa kiume anaweza kungoja. Uvimbe hauwezi. Tunajua mashine ni chache na nyinyi mna kazi nyingi. Lakini kumvua mtoto fulana hakuhitaji mashine.

Mtoto wa pili

Mwaka jana alikuja mama mwengine, anamshonea mwanawe wa miaka minne kanzu ya harusi ya mjomba. Tukampima, tukamwona tumbo limejaa, gumu upande wa kushoto. Safari hii hatukucheka. Tuliweka futi chini, tukamwambia mama, kanzu hii hatuikati mpaka huyu mtoto apigwe picha. Akakasirika. Akasema tunamwombea mwanawe mabaya siku ya furaha. Akaondoka na kitambaa chake.

Siku ya tatu akarudi, amekasirika zaidi. Kampeleka, kapigwa picha, na mtoto kakutwa na choo kilichokaa siku nyingi, basi. Kapewa dawa ya kulainisha, kaambiwa ale matunda na anywe maji. “Mmenitia roho juu bure,” akatuambia mbele ya wateja, “mmenipotezea siku nzima na pesa yangu.”

Tulimsikiliza mpaka akamaliza. Tukamshonea ile kanzu bila ya ujira. Lakini hatukumwomba radhi na hatutamwomba. Siku nzima aliyopoteza ilimnunulia kujua. Yule mwenzake alipewa uhakika na watu watano, bandama, safura, minyoo, jicho na futari za bibi, na hakuna hata mmoja aliyejua. Tuko tayari kulaumiwa hivi na mama mia moja.

Kwa maharusi wetu

Nyinyi mnaokuja kujaribisha magauni, tunawaambia nyinyi hasa, kwa sababu bado mna nafasi ya kuanza vizuri. Somo atakufunza mengi, kuvaa, kujifukiza udi, kukaa na mume. Lichukueni na hili liwe katika mafunzo yenu.

Mtakapojaaliwa watoto, siku ya kumwogesha mtoto mlazeni chali, mpitisheni kiganja tumboni taratibu, kama mnavyopaka sabuni, bila kubonyeza. Jueni tumbo la mwanenu likoje likiwa zima, ili mjue likibadilika. Nguo ikimbana kiunoni na huku mikono inampwaya, msifumue mshono kwanza. Uliza kwa nini.

Mkiona uvimbe, au tumbo limejaa upande mmoja, au mkojo una damu, au mtoto anakonda na kukosa damu, au homa haiishi, au anakataa kutembea, au taya limevimba na meno yanacheza, msimwachie mtu yeyote alikande. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo au ya pili yake, na semeni kwa sauti: “Tunaomba tumbo lipigwe picha.” Si utovu wa adabu kumwomba daktari kipimo. Mkishapigwa, ombeni ripoti ya maandishi na muitunze, msiiache kwenye droo ya mtu. Ulizeni: ni nyama au maji? Umetoka kiungo gani? Figo la pili likoje? Tunakwenda wapi sasa, na lini? Mkiambiwa muende Dar es Salaam, nendeni. Na mkianza dawa, msikatishe kwa sababu uvimbe umepungua na mtoto anacheza. Kupungua si kupona.

Na mama mkwe akisema “sisi tulikandwa na tukakua,” mpokeeni kwa adabu, mbusuni mkono, kisha mchukue mtoto mwende.

Lile gauni dogo la Idi mama yake hakulitaka tena, akatuachia. Tunalo hapa dukani, limetundikwa nyuma ya mlango. Mshono wa ubavuni bado una kile kitambaa tulichokiongeza. Anayekuja kutuuliza kwa nini tunashupaa na jambo hili, tunamwonyesha.

Mwenyezi Mungu awarehemu watoto wetu waliotangulia, awape subira mama zao, na atujaalie sisi tuliobaki tuone mapema. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.